Shimo la Mkunazini

Sanamu za mitaani tumezoea kuzitazama juu. Yule Askari wa Dar es Salaam yuko juu ya jukwaa lake tangu 1927, bunduki mkononi, magari yanamzunguka, na sidhani kama kuna dereva anayemwona tena.

Mkunazini, Unguja, pembeni mwa Kanisa Kuu la Anglikana, msanii wa Sweden Clara Sörnäs alikwenda chini. Mwaka 1998 aliwasimamisha watu watano wa zege ndani ya shimo, wamefungwa shingoni kwa mnyororo halisi wa enzi za utumwa. Ili uwaone, sharti uinamishe kichwa.

Kwangu mimi nguvu yote ya kazi ile imo katika kuinamisha kichwa huko. Unasimama ukingoni, watano wako chini yako, na baada ya muda unatambua kwamba mahali uliposimama ni pa mnunuzi. Soko lilikuwa hapohapo, mpaka Sultani Barghash alipolifunga mwaka 1873. Huhitaji kibao kikwambie. Shingo yako inakwambia. Na mnyororo, kwa kuwa ni wa kweli, hauwaachi wale watano wabaki zege tu. (Wanaopiga selfi pale nimewaona. Wengi hutengeneza uso mzito kwanza.)

Lakini nina ugomvi nayo. Watano wale hawana majina wala ndugu. Ukitoka pale unaweza kuamini kwamba utumwa ulikuwa jambo la Waarabu, Wazungu na mateka wasiojulikana, na kwamba soko lilipofungwa mambo yakaisha. Hayakuisha. Zanzibar, utumwa uliendelea kuwa halali mpaka 1897. Tanganyika, mpaka 1922. Wakati huo waliowazaa bibi zetu walikuwa hai. Waliokuwa watumwa walioa, wakaolewa, wakazaa, wakawa majirani.

Kwetu Bagamoyo, ng'ambo ya pili, ambako misafara ya bara ilifikia pwani, tuna jiwe la kumbukumbu karibu na ufukwe, mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga waliowapinga. Jiwe hilo ni rahisi kulipenda; nani hataki kuwa mjukuu wa shujaa? Mjukuu wa mtumwa je? Barazani unaweza kuulizia ukoo wa mtu, ukapanda mpaka kwa babu fulani, na hapo mmoja ataagiza kahawa nyingine na mazungumzo yatahamia Simba na Yanga. Mjukuu wa aliyemiliki watu naye kakaa baraza hiyohiyo, ananyamaza vilevile.

Shimo la Mkunazini haliwagusi hawa. Limo ndani ya uwanja wa kanisa, kwa kiingilio, na anayelitazama zaidi ni mgeni atakayepanda ndege kesho. Ningetamani tuwe na lingine Mji Mkongwe wa Bagamoyo, bila uzio wala tiketi, njiani kabisa, ili wanaokwenda kununua samaki walazimike kulizunguka kila asubuhi na vikapu vyao.