Pijo 504 Iliyofufuliwa: Vuta Mpira wa Mlango

Pijo 504 moja ilipewa kikombe juzi kwenye maonyesho ya magari ya zamani, na watu waliizunguka kutwa wakipiga picha. Rangi inameremeta, ubavuni huoni wimbi hata moja. Nilifungua mlango wa nyuma, nikauvuta mpira kidogo, nikaurudisha. Gari lile limeharibiwa, na anayesifiwa ni yule yule aliyeliharibu.

Nianze na hapo kwenye mpira, maana ndipo macho ya mgeni wa kazi hii yasipofika. 504 haina chesesi ya peke yake. Nguvu yote imo kwenye bodi, na bodi ni mabati yaliyobanwa pamoja yakachomelewa kwa umeme kiwandani, nukta baada ya nukta. Kila nukta huacha kishimo cha duara, kidogo kuliko ncha ya kidole. Vishimo hivyo vinauzunguka uwazi wote wa mlango, vimejificha chini ya mpira, na vingine viko kwenye ukingo wa chini wa bodi. Nafasi kati yake hazilingani sawasawa, kwa sababu mashine ilishikwa na mkono wa mtu. Nikiona palipokaribiana viwili, kisha pakaachana, moyo wangu hutulia: bati hilo halijaguswa.

Fundi wa haraka hukata bati lililooza, hubandika jipya, huchomelea mstari mzima, hupitisha grenda, hupaka puti, kisha hupiga msasa mpaka pateleze. Mtazamaji anapitisha kidole, anaona laini, anasifu. Ulaini huo ndio ushahidi wa kosa. Kiwanda hakikuacha ulaini mahali pale.

Mzee aliyetufundisha kazi Mombasa, Mungu amrehemu, hakuwahi kukata bati kabla ya kunakili vishimo vyake. Alibandika karatasi ya mfuko wa saruji, akasugua mkaa juu yake mpaka kila kishimo kikajitokeza. Bati jipya alilitoboa penye alama zile zile, akajaza matundu kwa moto, kisha akayala kwa tupa taratibu hadi kikabaki kibonde kile kile. Grenda hakuitaka karibu na mlango. Kazi ya ukingo mmoja ilimla wiki, na mwenye gari akilalamika, alimwambia alichukue.

Waongo nao wamejua siri hii. Tuliletewa 504 nyeupe yenye vishimo vizuri mno, vimepangika kama shanga. Mzee akatoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akaigusisha, ikadondoka. Ilikuwa puti tupu, imebonyezwa kwa kichwa cha bolti ilipokuwa bado mbichi. Tulipochimba tulikuta magazeti yaliyokunjwa na kushindiliwa ndani, kurasa za michezo zikisomeka vizuri. Mwenye gari alikuwa amekwisha kulipa kazi yote.

Mengine nayapitia haraka. Injini ya 1,971 cc ilazwe kwa pembe ya digrii 45 kama ilivyozaliwa. Slivu zake zinazungukwa na maji, hivyo kimo chake juu ya bloku hupimwa kabla ya kufunga silinda hedi. Asiyepima ataunguza gasketi kabla hajafika Voi. Rimu ni za chuma. Aluminiamu haikubaliki. Gari lililotoka na gia ya usukani libaki nayo. Rangi ni nyeupe, krimu au bluu iliyopauka. Rangi ya metaliki haikai kwenye 504, hata kama kiwanda kiliwahi kuipaka. Viti vya ngozi ni kosa.

Zamani hatukuhitaji kuyasema haya. Pijo za abiria za safu tatu za viti zilifika gereji alfajiri kutoka safari ndefu, zikanyooshwa kwa nyundo mchana, jioni zikarudi barabarani. Puti ilikuwa aibu, na aliyeipaka nene aliipaka usiku. Sote tulikuwa na Safari Rally vichwani: Bert Shankland wa Tanzania na 404 yake mwaka 1966 na 1967, Ove Andersson na 504 mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas na 504 kupe mwaka 1978. Watu wanazisifu injini. Mimi nazisifu bodi, kwani gari lililopigwa na mawe na makorongo maelfu ya kilomita, milango yake ikaendelea kufunga, lilishikiliwa na nukta zile zile ambazo leo tunazisaga kwa grenda ili tupendeze macho.

Wala hakuna udhuru wa kutojua. 504 ilizinduliwa mwaka 1968, na Kenya iliendelea kuziunganisha hadi 2004. Bodi ambazo hazijaguswa bado zipo, zimeegeshwa chini ya miembe na nyuma ya maduka. Fundi aende akazipapase kabla ya kuwasha mashine.

Nanyi waamuzi, acheni boneti. Pigeni magoti, chukueni tochi na sumaku, vuteni mpira wa kila mlango. Mwenye gari akikataza mpira usivutwe, mwondoeni kwenye orodha.