Kitendawili Kisicho na Mji: Uhakiki wa Nafasi ya Maarifa Asilia katika Elimu ya Awali Tanzania

Kitendawili kinapoingizwa katika darasa la awali, mtegaji kwa kawaida huwa ni mwalimu. Yeye husema "Kitendawili!", watoto huitikia "Tega!", fumbo hutolewa, mikono hunyooshwa, na anayepata jibu hupigiwa makofi. Asipopatikana wa kujibu, mwalimu hulitaja jibu mwenyewe na somo huendelea. Utaratibu huu husifiwa kuwa ushahidi kwamba shule imeyapokea maarifa asilia ya jamii. Uhakiki huu unashikilia rai tofauti: kilichopokelewa ni maneno ya kitendawili, ilhali namna ya kujua iliyobebwa na kitendawili hicho imeachwa nje ya mlango wa darasa.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri zaidi katika kipengele ambacho darasani huchukuliwa kama pambo, nacho ni mji. Katika utegaji wa kimapokeo wa Waswahili, anayeshindwa kufumbua hana budi kumpa mtegaji mji. Mtegaji anaweza kuukataa mji wa kwanza akadai ulio mkubwa zaidi, na akishaupokea huutembelea kwa maneno: alifika, akakaribishwa, akala, akaona haya na yale, ndipo atoe jibu. Hapa kutojua kuna gharama, lakini ni gharama inayochezeka. Aliyeshindwa haondoki na aibu ya kosa. Ana deni, na deni hilo analilipa kwa kitu chenye hadhi. Isitoshe, zamu huzunguka. Mtoto wa miaka mitano aliyepoteza Mombasa sasa hivi anaweza kumgeukia dada yake, au bibi yake, akamtega na kuitwaa Unguja. Mtu mzima naye hushindwa, au hujifanya ameshindwa, jambo ambalo kwa mtoto lina uzito uleule. Katika mfumo huu maarifa ni mali inayoshindaniwa na watu wenye haki sawa ya kuuliza.

Darasani mwenye haki ya kuuliza ni mmoja, na anayeuliza tayari anajua jibu. Kazi ya watoto inabaki kukisia kilichomo kichwani mwa mwalimu. Kuku aliyetagia miibani ni nanasi, wala hawezi kuwa kitu kingine, hata kwa mtoto wa nyanda kame za Dodoma ambaye huenda aliona kiota halisi katikati ya miiba kabla ya kuliona shamba la mananasi. Barazani jibu la mtoto huyo lingezua ubishi, na katika ubishi huo angelazimika kueleza alichokiona. Darasani jibu lake ni kosa, na mkono wa mwingine unanyooshwa.

Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba kazi simulizi haikamiliki nje ya utendaji wake. Wahakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili wameikubali hoja hiyo kiasi kwamba haihitaji tena kutetewa. Ajabu ni kwamba husahaulika mara tu mjadala unapohama kutoka fasihi kwenda elimu. Mhakiki yuleyule anayekataa kuiita ngano "matini" isipokuwa ina fanani na hadhira, anaporidhika kuona ngano imechapwa kwenye kitabu cha watoto na maswali matano chini yake, anakuwa ameyaacha mafundisho ya taaluma yake.

Lawama hii haiielekei sera peke yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na mtaala wa elimu ya awali uliotolewa mwaka 2016 uliacha mpangilio wa masomo ukajengwa juu ya umahiri, ukiwamo wa kuhusiana, kuwasiliana na kutunza mazingira. Kwa mpangilio wa namna hiyo, mlango ulikuwa wazi. Kilichoingia, hata hivyo, ni vifaa. Kete za bao ni mfano mzuri. Mwalimu anayehimizwa kutumia zana zinazopatikana katika mazingira yake huleta kete, na watoto huzihesabu moja hadi kumi. Bao lenyewe, lenye mashimo 32 na kete 64, linamtaka mchezaji apime kabla ya kuinua mkono: kete hizi zitaishia wapi, zitakula nini, mpinzani atajibu vipi. Hata watoto wanaochimba mashimo machache ardhini huanza na hesabu ya aina hiyo, hesabu yenye matokeo na mpinzani. Shule imezichukua kete na kuuacha mchezo. Kwa kazi inayofanywa hapo, visoda vingetosha.

Swali la ndani zaidi ni la kipimo: ni mtoto gani anayehesabiwa kuwa na akili? Robert Serpell alilichunguza swali hili miongoni mwa Wachewa wa mashariki mwa Zambia, na matokeo yake aliyatoa katika kitabu cha mwaka 1993. Badala ya kuwapa watoto mtihani tu, aliwauliza watu wazima wa kijijini ni mtoto yupi wangemtuma katika shughuli fulani, na kwa nini huyo. Wachewa humsifu mtoto kwa neno nzelu, na ndani ya dhana hiyo wepesi wa akili hautoshi. Sharti uandamane na tumikila, neno ambalo sikio la Mswahili haliwezi kulipita bila kusikia ndani yake kitenzi tuma. Mwenye nzelu ni mwerevu anayeweza kutumwa, akaelewa, akafika, akarudi na jibu sahihi. Kipimo cha wanakijiji na kipimo cha shule havikwenda pamoja kama shule ingetarajia. Naye A. Bame Nsamenang, akiandika mwaka 1992 kutokana na maisha ya Wanso wa Kamerun, alieleza jinsi mtoto anavyokua kwa kupewa sehemu halisi ya kazi za nyumbani na kwa kulelewa na watoto wenzake wakubwa.

Mwambao nao unaijua akili ya namna hii. Mtoto wa miaka mitano anayetumwa dukani kununua chumvi na kibiriti hubeba kichwani majina ya vitu, kiasi cha fedha, salamu ya mwenye duka, pengine na ujumbe wa pembeni kwamba deni la jana litalipwa jioni. Hiyo ni kazi ya kumbukumbu, hesabu, lugha na adabu kwa pamoja. Asubuhi inayofuata mtoto huyo huandikwa kuwa bado hajamudu herufi a, e na i, na ripoti inayompelekea mzazi wake haina mahali pa kuutaja uhodari wa jana.

Suala la lugha ni gumu kuliko yote, na tasnifu za Kiswahili mara nyingi huliepuka kwa sababu linaigusa lugha zinamoandikwa. Nchini Tanzania, Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za awali za umma. Kwa mtoto wa Unguja au Bagamoyo, kitendawili cha Kiswahili ni cha nyumbani. Kwa mtoto wa kijiji cha Wasukuma ambaye bibi yake hutega kwa Kisukuma, kitendawili hichohicho ni somo la lugha ngeni kidogo, na kile cha bibi hakina pa kuingilia. Hivyo kinachoitwa asilia darasani kwake kimetoka kwa watu wengine. Kenya imeandika katika sera yake kuwa miaka ya mwanzo itumie lugha ya eneo, ingawa shauku ya wazazi kwa Kiingereza huipunguza nguvu sera hiyo. Kiswahili kilijengwa kwa haki kuwa chombo cha umoja. Hilo halikiondolei wajibu wa kuulizwa kinachokalia nafasi ya nani katika darasa la watoto wa miaka mitano.

Wamaori wa New Zealand walipoanzisha kohanga reo, yaani viota vya lugha, mwaka 1982, hawakuanza na vitabu. Walianza na wazee wasemaji wa lugha, wakawaweka pamoja na watoto wachanga na wazazi wao. Mtaala wa taifa wa malezi ya awali, uliotolewa mwaka 1996, uliitwa Te Whariki, jina la mkeka uliosukwa. Mazingira ya Tanzania ni mengine: lugha ni nyingi, madarasa yamefurika, na bibi mwenye vitendawili hana cheti cha ualimu. Wala si kila kilicho cha jadi kinafaa kurithishwa. Zipo ngano zinazomfunza binti kunyamaza. Kuna pia tatizo la saa. Jamii nyingi ziliwakataza watoto kusimuliana hadithi mchana, wakati wa kazi, ilhali watoto wa awali hurudi nyumbani kabla ya jua kutua kwa saa nyingi.

Pamoja na hayo yote, mwelekeo unaweza kugeuzwa bila kitabu kipya. Badala ya kuwasomea watoto kitendawili cha kitabuni, mwalimu anaweza kuwatuma. Kila mtoto arudi kesho na kitendawili kimoja kutoka kwa mtu wa nyumbani, kwa lugha ya nyumbani, kitendawili ambacho mwalimu hakijui. Wanaotega asubuhi wawe watoto, makundi kwa makundi kama darasa ni kubwa, na anayefumbua awe mwalimu. Mtoto atakayelazimika kufasiri kwa Kiswahili ili wenzake waelewe atakuwa amefanya kazi ya lugha kubwa kuliko ile iliyomo katika kitabu chake cha mazoezi. Na mwalimu akishindwa, atoe mji.