Risasi haianzii kwenye bomba

Okota jiwe la machimbo ya Nyamongo, mkoani Mara, Tanzania, lile lenye vichembe vya njano ambavyo mtoto hudhani ni dhahabu. Lilowanishe, liache nje, lilowanishe tena. Siku zikipita litaanza kutoa wekundu wa kutu. Vichembe vile ni pairaiti, mchanganyiko wa chuma na salfa. Vikipata hewa na maji kwa pamoja hutengeneza asidi, na asidi hiyo huyeyusha metali zilizolala ndani ya mwamba, risasi ikiwemo. Jiwe likiwa limefukiwa ardhini hewa hailifikii, nalo halimdhuru mtu. Mgodi ndio hulipasua na kulirundika juani.

Ndivyo mto Tigithe ulivyoharibiwa Mei 2009. Maji ya asidi kutoka mgodi wa North Mara, wakati huo ukiwa chini ya Barrick, yalivuja hadi kwenye mto huo, ambao humwaga maji yake mto Mara. Genkuru ni kimojawapo cha vijiji vinavyopakana na mgodi. Kampuni ilieleza kwamba plastiki nzito iliyotandikwa kuzuia maji yasipenye ilikuwa imeibwa. Hata nikikubali maelezo hayo yote, bado naona kosa la usanifu. Kinga ya maji ya watu haiwezi kutegemea tandiko moja ambalo mtu mwenye kisu anaweza kulikata na kuondoka nalo, tena mahali ambapo mgodi na wanakijiji walikuwa kwenye ugomvi wa miaka.

Risasi iliitesa pia Flint, Michigan, Marekani, lakini kule ilitoka kwenye mabomba. Nyumba nyingi za mji ule ziliunganishwa na mtandao wa maji kwa mabomba ya risasi. Aprili 2014 mji ulianza kutumia maji ya mto Flint bila kuyatia fosfati, dawa inayojenga utando ndani ya bomba. Maji yale makali yakautafuna utando wa zamani, risasi ikaingia kwenye vikombe. Kurudi kwenye chanzo cha awali kulichukua hadi Oktoba 2015. Newark, New Jersey, walifukua mabomba yapatayo 23,000 kwa chini ya miaka mitatu, na mwenye nyumba hakulipa kitu. Kule dawa ni kung'oa bomba. Huku Genkuru, ukitandaza bomba jipya na kisima kikawa kinapokea maji ya mwamba uliopasuliwa, umebadilisha njia tu.

Hata hivyo bomba nalo lina lake. Koki za shaba huwa na risasi kidogo ndani yake, na utafiti uliochapishwa 2021 kuhusu Ghana, Mali na Niger uliikuta risasi ikitoka kwenye vifaa vya maji vya aina hiyo. Kwa hiyo maji yaliyolala kwenye bomba usiku kucha yasiingie kwenye uji wa mtoto. Yakinge kwenye ndoo, fulia au mwagilia mchicha, ndipo ukinge ya kunywa. Na kuchemsha hakusaidii hapa: maji hupungua sufuriani, risasi hubaki palepale, tena imekolea zaidi. Vidonge vya klorini huua vijidudu, risasi havigusi.

Mwaka 2019 baraza la taifa la mazingira, NEMC, liliutoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa la topesumu lililokuwa likivuja, na Julai likapigwa marufuku kutumika. Ilikuwa hatua kali na ya haki. Lakini faini haimwambii mama wa Genkuru kisima chake kina nini. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa mikrogramu 10 za risasi kwa lita, na kiasi hicho hakionekani kwa jicho wala hakina ladha. Kwa watoto, risasi hudhuru ubongo hata ikiwa kidogo. Wanaosimamia maji ya kijiji wapime kila kisima na kila kituo cha kuchotea, masika na kiangazi, kisha wabandike majibu kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, tarakimu zikiwa wazi.