Mtandao Ukikatika, Nani Ameshindwa?

Tarehe 30 Agosti 2020, fainali ya Olimpiadi ya Sataranji ya Mtandaoni iliisha kwa timu mbili kupewa dhahabu. India na Urusi zilitoka 3-3 katika raundi ya kwanza. Katika raundi ya pili, vijana wawili wa India, Nihal Sarin na Divya Deshmukh, walipoteza mawasiliano na seva michezo yao ikiwa bado inaendelea. Saa zao zikaendelea kuhesabu hadi sifuri, na mfumo ukaandika kwamba wote wawili wameshindwa. Urusi ikahesabiwa bingwa, India ikakata rufaa, kamati ya rufaa ikakaa na isiafikiane kwa kauli moja. Mwishowe Rais wa Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, Arkady Dvorkovich, akaamua kila upande upewe dhahabu yake.

Wengi waliusifu uamuzi ule kuwa wa busara, na huenda ulikuwa hivyo. Mimi naona ni ushahidi wa swali lililoachwa bila jibu hadi siku ya fainali. Mashindano yanayomlazimu rais wa shirikisho aingie mwenyewe kuamua matokeo yana pengo katika kanuni zake, hata kama kila kitu kingine kilikwenda sawa. Na mengi yalikwenda sawa kweli.

Tuanze na hayo. Olimpiadi ya kawaida ilikuwa ifanyike Urusi mwaka huohuo, janga la korona likaizuia, na FIDE ikahamishia mchezo kwenye jukwaa la Chess.com. Timu 163 ziliingia. Kila timu ilikuwa na meza sita: mbili za wazi, mbili za wanawake, moja ya kijana wa kiume na moja ya msichana. Kila mchezaji alipewa dakika 15 kwa mchezo mzima, pamoja na nyongeza ya sekunde 5 kila anaposogeza kete. Makundi ya daraja la juu yalikuwa na timu kumi kumi, zikicheza raundi tatu kwa siku kwa siku tatu, na yalipangwa kwa kuangalia saa za nchi husika ili asipatikane mtu wa kuamshwa saa tisa usiku kucheza na aliyetoka kupata chakula cha mchana. Waandaaji wengi hulisahau hili la saa. Hupanga ratiba kwa saa ya mji wao, kisha wakashangaa timu ya ng'ambo inachelewa au inacheza kama imelala.

Muda wa dakika 15 nao ulikuwa na hesabu yake, na hesabu hiyo ndiyo iliyobeba mgogoro uliokuja baadaye. Mchezo mrefu wa mtandaoni humpa mdanganyifu nafasi ya kutosha kuuliza injini ya kompyuta kila hatua. Ukiufupisha, unaibana nafasi hiyo, na watazamaji pia hawachoki. Lakini kadiri unavyoufupisha ndivyo kukatika kwa mtandao kunavyozidi kuua. Katika mchezo wa saa mbili kwa kila upande, dakika tano za kuhangaika na ruta ni hasara inayovumilika. Katika mchezo wa dakika 15, dakika tano hizo ni theluthi ya muda wote wa mchezaji. Anayechagua kasi ya mchezo anakuwa amekwisha kuamua ukali wa adhabu ya kukatikiwa, ajue asijue.

Kanuni ya msingi ilikuwa rahisi: kila mchezaji anawajibika kwa intaneti yake mwenyewe. Ni kanuni ya lazima, maana bila hiyo kila anayeelekea kushindwa atachomoa waya na kusingizia mtandao. Siku mbili tu kabla ya fainali, kanuni hii ilitumika bila huruma. Katika robo fainali kati ya India na Armenia, Haik Martirosyan wa Armenia alikatikiwa alipokuwa akicheza na Nihal Sarin huyohuyo, akaishiwa muda, na India ikaishinda raundi ile. Armenia ikakata rufaa. Jukwaa likakagua na kusema seva zake zilikuwa nzima, tatizo lilikuwa upande wa mchezaji. Rufaa ikatupwa, na Armenia ikajitoa kwenye mashindano.

Kilichotokea siku ya fainali kilikuwa cha namna nyingine kwa upande wa kiufundi. Siku hiyo mtandao mkubwa wa kampuni ya CenturyLink ya Marekani, ambao hubeba mawasiliano ya watoa huduma wengine wengi duniani, ulivurugika kwa saa kadhaa. Chanzo kilikuwa kanuni mbaya ya kuchuja data ambayo kampuni yenyewe iliisambaza kwenye vifaa vyake, na vifaa hivyo vikashindwa kuelekezana njia. Huduma ya Cloudflare, inayopitiwa na tovuti nyingi sana, iliguswa, na tovuti zisizohusiana kabisa na sataranji zikawa hazifunguki. Seva ya mchezo ilikuwa hai, na mchezaji mwenyewe hakuwa amekosea lolote. Kilichokatika kilikuwa katikati.

Hapo ndipo pengo lilipokuwa. Kukatika kwa mtandao kuna mahali patatu pa kutokea: kwa mchezaji (umeme, ruta, bando lililoisha), kwenye seva ya mashindano, au njiani kati ya viwili hivyo. Kwa mchezaji aliyeketi mbele ya kioo, yote matatu yanafanana, picha inaganda na saa inakwenda. Ndiyo maana Waarmenia walikuwa na kila sababu ya kuona wameonewa siku ya Ijumaa na kuona India imependelewa siku ya Jumapili. Kwa mwandaaji, hata hivyo, kila mahali panahitaji jibu lake, na majibu hayo yawe yameandikwa kabla kete ya kwanza haijasogezwa. Likiandikwa baada ya tukio, hata jibu la haki litanuka upendeleo.

Ningeliandikaje? La kwanza ni ushahidi. Seva huandika kumbukumbu za kila muunganisho, dakika na sekunde ulipopotea na uliporudi. Mwandaaji azihifadhi zote na awe na mtu wa kuzisoma mchezo ukiwa bado unaendelea, asisubiri rufaa ndiyo aanze kuzitafuta. La pili ni kipimo kinachojitegemea. Kwa mfano, wachezaji wawili au zaidi wanaotumia watoa huduma tofauti wakikatikiwa ndani ya dakika mbili, basi inachukuliwa kwamba tatizo si lao, saa zote za pambano zinasimamishwa, na mchezo unaendelea palepale ulipofika mtandao ukirudi. Siku ya fainali, huenda kipimo kama hicho kingesimamisha saa pasipo kumuuliza rais yeyote. Ningependa zaidi kuwaona vijana wale wakirudishwa kumalizia michezo yao kesho yake kuliko kuona dhahabu ikigawanywa, maana sataranji ni mchezo wenye bahati hiyo: kete hubaki zilipokuwa.

Michezo mingine haina bahati hiyo. Kwenye soka la kompyuta, mchezo ukikatika dakika ya 60 huwezi kuurudisha mpira miguuni mwa aliyekuwa nao. Kinachowezekana ni kuanza mchezo mpya, kuhesabu mabao ya awali, na kucheza dakika zilizobaki tu. Andika pia kwamba aliyekatikiwa mara ya pili kwa kosa la upande wake amepoteza, la sivyo aliye nyuma kwa bao moja ataugundua ujanja huo mapema sana. Kwenye PUBG Mobile, ambako mashindano huwa na timu 16 za watu wanne wanne kwenye ramani moja, hakuna wa kusimamisha kitu kwa ajili ya mtu mmoja. Dawa yake iko katika muundo: mechi nyingi, alama zikijumlishwa, ili mechi moja mbovu isiizamishe timu nzuri. Mwandaaji anayempata bingwa wa mchezo wa namna hiyo kwa mechi moja tu amechezesha bahati nasibu.

Kuna wanaosema haya yote ni urasimu na kwamba wachezaji waungwana watayamaliza wenyewe. Uungwana upo. Mwaka huohuo wa 2020, katika nusu fainali ya Chessable Masters, mashindano ya sataranji ya mtandaoni, Ding Liren, aliyekuwa akicheza kutoka China, alikatikiwa na kupoteza kwa kuishiwa muda. Mchezo uliofuata, Magnus Carlsen akamtoa malkia wake makusudi mwanzoni kabisa, kisha akakubali kushindwa, ili kurudisha mizani. Kitendo kizuri, na kilistahili kusifiwa. Ila kilimgharimu mtu aliyekuwa bingwa wa dunia na asiye na njaa ya pointi moja. Sitamdai hayo kijana wa Mbagala au Kayole aliyeweka kiingilio akitumaini zawadi ya kulipa kodi ya chumba.

Kuhusu udanganyifu, watu hupenda kuuliza programu gani ya kunasa wadanganyifu inunuliwe. Swali la kwanza lingekuwa: anayecheza ndiye aliyejiandikisha? Mei 2020, dereva wa Formula E Daniel Abt alimaliza wa tatu katika mbio za mtandaoni zilizoandaliwa kuchangia UNICEF. Baadaye ikabainika kwamba aliyeshika usukani alikuwa mchezaji hodari wa michezo ya mbio, Lorenz Hörzing. Abt akaondolewa kwenye matokeo, akatozwa euro 10,000 zilizokwenda kwa hisani, na timu yake ya Audi ikamsimamisha. Hayo yalitokea kwenye mbio zenye wataalamu, wadhamini na kamera. Sasa fikiria ligi ya mtaani ambamo jina la akaunti ni utani tupu na namba ya simu ni ya dada wa mchezaji. Kitambulisho kionyeshwe kwenye video kabla ya mchezo, kamera ikae mahali inapoonyesha uso na mikono, na kila mtu abaki na akaunti moja tangu raundi ya kwanza hadi ya mwisho. Kwenye Olimpiadi ile wachezaji walikaa ndani ya mkutano wa Zoom wakitazamwa na waamuzi wakati wote. Kuna usumbufu, lakini humtisha mdanganyifu kuliko programu asiyoiona.

Na msimtazame mchezaji peke yake. Septemba 2020, tume ya uadilifu ya michezo ya kompyuta, ESIC, iliwafungia makocha 37 wa Counter-Strike waliotumia hitilafu ya mchezo iliyowawezesha kuona sehemu za ramani ambazo hawakupaswa kuziona. Kocha, mtangazaji, rafiki aliyeingia kama mtazamaji: kila mwenye nafasi ya kuona zaidi ya mchezaji ni mlango wa kufungwa. Matangazo ya moja kwa moja yacheleweshwe dakika chache. Ni jambo dogo, halina gharama, na bado wengi hawalifanyi kwa sababu maoni ya watazamaji yakichelewa huonekana kama yamepooza.

Kwetu Afrika Mashariki liko tatizo ambalo fainali ile haikuwa nalo, nalo ni umbali. Katika michezo ya kasi, ambako kuchelewa kidogo tu ni kifo, seva ikiwa Ulaya huwezi kuidanganya fizikia. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo safari ya kwenda na kurudi kati ya Nairobi na Frankfurt haiwezi kupungua milisekunde 60 na kitu hata kama waya ungenyooka kama rula. Na haujanyooka, unazungukia baharini. Kwa hiyo mchezaji wa Nairobi akikutana na wa Berlin kwenye seva ya Frankfurt, mmoja anaanza akiwa nyuma kabla hajagusa kitufe. Nusu ya michezo ichezwe kwenye seva ya upande mmoja, nusu kwenye ya upande mwingine, au itafutwe ya katikati. Na kwa mashindano ya Dar, Mombasa na Kampala pekee, ulizeni kwanza mchezo wenu una seva gani iliyo karibu. Mingine ina za Afrika Kusini, mingine haina hata hiyo, na jibu hilo ndilo liamue mnachezesha mchezo gani.

Kisha kuna mikongo yenyewe. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wakabaki na intaneti ya kukokota. Mashindano yaliyopangwa siku ile yangekutwa na kisa kilekile cha CenturyLink, ila kwa siku kadhaa. Kanuni zenu ziseme mnaahirisha kwa muda gani, nani anatangaza, kupitia wapi (siyo kwenye jukwaa lilelile ambalo halifunguki, ujumbe mfupi wa simu unatosha), na kiingilio kinarudije msipoweza kuendelea.

Limebaki la rufaa. Watu watatu wanatosha, watajwe kwa majina kabla ya kuanza, asiwemo mwenye timu wala ndugu wa mdhamini. Rufaa iwasilishwe ndani ya muda mfupi baada ya mchezo, tuseme nusu saa, pamoja na amana ndogo inayorudishwa ikionekana ilikuwa na msingi. Uamuzi upitishwe kwa wengi, kwa sababu kamati inayosubiri kauli moja hubaki imekwama, kama ilivyokuwa kwa ile ya FIDE. Na zawadi zisitumwe hadi muda wa rufaa upite. Mshindi atalalamika usiku kucha kwenye kundi la WhatsApp, mwacheni alalamike. Pesa ikishaingia kwenye simu yake, kumwomba airudishe ni kesi nyingine kabisa, na hiyo haina kamati.