Kinyaa cha Muumbaji

Msomaji, ukiulizwa kwa nini Victor Frankenstein alimkimbia kiumbe aliyemuunda mwenyewe, yamkini utajibu upesi kwamba kiumbe huyo alikuwa na sura mbaya. Jibu hilo si uongo, ila ni jibu la msafiri aliyepita njia bila kutazama kando. Kifungue tena kitabu hicho, alichokitoa Mary Shelley mwaka 1818 akiwa na umri wa miaka 20, uyapime maneno yenyewe. Katika chapa ya 1831 utayakuta sura ya tano.

Usiku ni wa Novemba, mvua yagonga madirisha, mshumaa u karibu kuzimika. Hayo ni mapambo ya kawaida ya hadithi za Kigothi, hayafai kutukawisha. La kutazamwa ni kwamba Victor haanzi na ubaya. Asema viungo vya kiumbe vililingana, na kwamba alivichagua kwa uzuri wao. Nywele ni nyeusi za kung'aa. Meno ayafananisha na lulu. Kisha kando ya lulu hiyo aweka ngozi ya manjano isiyositiri vema misuli na mishipa, macho ya majimaji na midomo myeusi. Kila sifa njema yazidisha karaha, kama ua lililochomekwa katika donda. Laiti meno nayo yangeoza, tungeogopa tu, tusingechefuka.

Kuna na neno dogo zaidi. Jicho la kiumbe linapofumbuka, Kiingereza cha Victor chamtaja kama kitu. Punde chamtaja kama mwanamume. Na baadaye, Victor akumbukapo viungo vile vilivyoanza kujongea, chamrudisha kuwa kitu. Mfasiri wa Kiswahili hapati pa kujificha hapa: ama ataandika kwamba kiumbe "alipumua", ama "kilipumua". Victor mwenyewe hakuweza kukata shauri, na kusitasita huko kwanieleza moyo wake kuliko midomo myeusi.

Ndoto yake, ambamo mpenzi wake Elizabeth ageuka maiti ya mama, naiona imezidi kipimo. Kinyaa kilikwisha kutufikia. Lakini usiyaruke yafuatayo. Victor aamka, amwona kiumbe ameinua pazia la kitanda, akimtazama. Hatuambiwi kwamba kinywa kilifunguka, bali taya, kana kwamba ni mnyama. Sauti zatoka zisizo na maana. Mashavu yakunjamana kwa tabasamu. Mkono wanyoshwa, na Victor adhani wataka kumzuia. Sasa yaondoe maneno ya Victor, ubakize matendo matupu. Ni nani huyu atabasamuye, abwabwajaye, na kumnyoshea mkono mtu wa kwanza amwonaye duniani? Kila nyumba yenye mtoto mchanga yamjua.

Wako wasemao kwamba Mary Shelley alitaka kututia hofu tu. Siafikiani nao. Majina ya shetani, zimwi na maiti yametoka kinywani mwa Victor usiku ule ule, kabla kiumbe hajamdhuru mtu yeyote. Na jina hasa, lile ambalo baba humpa mwanawe, hakumpa kamwe. Mkono ulikuwa bado umenyoshwa alipoteremka ngazi mbio, akakesha uani akienda huku na huku, akitega sikio kila mchakacho.