Fumbo la Mwandishi na Fumbo la Msomaji

Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii hutajwa sana madarasani kwa ajili ya nusu yake ya pili, yaani sifa ya mwerevu. Nusu ya kwanza husahauliwa: kwamba lazima awepo mfumbaji. Pasipo na aliyefumba, mwerevu huyo anagangua nini? Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuitazama riwaya moja iliyopendwa mno, The Da Vinci Code ya Mmarekani Dan Brown, iliyotolewa mwaka 2003, ambayo wasomaji wake waliikagua herufi kwa herufi wakitafuta maneno yaliyofichwa.

Si ajabu kwamba walitafuta. Hadithi yenyewe inamhusu mtaalamu wa ishara anayefumbua mafumbo yaliyoachwa na mzee aliyeuawa katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris. Fani ya riwaya ya namna hii humzoeza msomaji kushuku kila kitu, naye hawezi kuiacha tabia hiyo afikapo kwenye jalada. Na katika jalada la toleo la Kimarekani mlikuwamo kitu kweli. Katika maelezo yaliyopigwa chapa kwenye mikunjo yake, herufi chache ni nzito kidogo kuliko zenzake. Zikikusanywa kwa mfuatano wake hutoa swali zima la Kiingereza, lile la Wamasoni kuhusu msaada kwa mwana wa mjane. Nyuma ya jalada, kwa rangi hafifu, mna tarakimu za latitudo na longitudo. Tukiacha tofauti ya digrii moja, tarakimu hizo zaelekeza Langley, kwenye makao ya shirika la ujasusi la Marekani, ilikosimamishwa mwaka 1990 sanamu ya Jim Sanborn iitwayo Kryptos, ambayo nayo imechongwa maandishi ya siri.

Kwa nini tuyakubali haya kuwa ni mafumbo ya kweli? Kwanza, alama yenyewe yaonekana kwa macho, na haielezeki kwa ajali ya mtambo wa chapa. Pili, njia ya kusoma ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, hata wasomaji wawili wasiojuana hufikia jawabu lile lile. Tatu, jawabu lathibitishwa na ushahidi ulio nje yake: mwandishi mwenyewe aliyakiri, na riwaya yake iliyofuata, The Lost Symbol (2009), ilihusu Wamasoni wa Washington.

Riwaya hiyo ilizaa fumbo jingine mahali pasipotarajiwa. Mwaka 2006 Jaji Peter Smith, wa Mahakama Kuu ya Uingereza, alitoa hukumu katika kesi ambamo Brown alidaiwa kunakili kitabu cha waandishi wengine. Katika hukumu hiyo baadhi ya herufi zilipigwa chapa kwa mlazo. Za kwanza zilitaja jina la jaji, lakini zilizosalia hazikutoa neno lolote mpaka zilipobadilishwa kuwa herufi nyingine kwa kufuata mfululizo wa namba wa Fibonacci, ambao umo katika riwaya. Hapo likajitokeza jina la Jackie Fisher, amiri wa jeshi la majini, pamoja na manowari yake Dreadnought. Ufumbuzi ulikuwa mgumu, lakini ufunguo haukubuniwa ili kulifaa jawabu. Ulikuwa umekwisha kuwapo ndani ya kitabu kilichobishaniwa.

Sasa na tutazame upande wa pili. Mwaka 1899 Bibi Elizabeth Wells Gallup, wa Marekani, alidai kwamba katika Folio ya Kwanza ya Shakespeare (1623) Francis Bacon alificha habari za maisha yake kwa kutumia maumbo mawili ya herufi. Njia hiyo Bacon aliieleza kweli: kila kundi la herufi tano, zikichanganywa za umbo la kwanza na la pili, husimama mahali pa herufi moja. William na Elizebeth Friedman, waliofanya kazi pamoja na Bibi Gallup kabla ya kuwa mabingwa wa fani hii, walichapisha uchunguzi wao mwaka 1957. Walionyesha kwamba wapiga chapa wa zama zile walichanganya herufi za kila namna, nyingine zimechakaa, na wino ulitapakaa. Hayakuwapo maumbo mawili yaliyo dhahiri. Bibi Gallup hakuwa mwongo. Aliamua umbo la kila herufi kwa kufuata sentensi aliyoitarajia.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa The Bible Code ya Michael Drosnin (1997), iliyodai kuona habari za siku hizi katika maandiko ya Kiebrania kwa kuruka herufi kwa idadi iliyo sawa. Mwanahisabati Brendan McKay alitumia njia hiyo hiyo katika Moby-Dick, riwaya ya mwaka 1851, akapata humo kifo cha Indira Gandhi. Njia iwezayo kutoa chochote haithibitishi lolote.

Suala hili latuhusu sisi pia. Kinyume, mchezo wetu wa maneno, kina kanuni: silabi ya mwisho hutangulizwa, nyumba ikawa mbanyu, na kila aijuaye kanuni huelewa. Lakini katika miswada yetu ya kale ya hati za Kiarabu, herufi moja iliweza kusomwa b, p au mb. Utata huo ni wa hati, si wa mshairi, na atakayejenga juu yake maana ya siri amelirudia kosa la Bibi Gallup. Kwa upande mwingine, jina Walenisi la riwaya ya Katama Mkangi (1995) likikatwa hutoa wale ni sisi, na kejeli yote ya riwaya hiyo huushuhudia usomaji huo.

Wala hili si suala la darasani tu. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia jinsi wakuu wa Kenya walivyoamuru Matigari akamatwe, wakimdhania mtu halisi, kisha, walipogundua kuwa ni mhusika wa riwaya tu, nakala za kitabu zikatwaliwa madukani mwaka 1987. Msomaji mwenye mamlaka akifuata shuku yake bila kanuni, mwandishi ndiye atakayelipa.

Basi mwanafunzi aandikapo kwamba hapa mwandishi ameficha jambo, na atakiwe kuonyesha alama iliyomo ukurasani, kanuni iliyomfikisha kwenye jawabu, na ushahidi mwingine unaoliunga mkono. Akikosa moja, na aseme kwamba hiyo ni tafsiri yake mwenyewe. Tafsiri ina heshima yake katika uhakiki, lakini haifai kutiwa kinywani mwa mwandishi asiyeisema.