Mkono wa Kutoa katika Kumbukumbu za Salme binti Said

Wasomaji wa pwani wamezoea kukitaja kitabu cha kumbukumbu cha Salme binti Said kama dirisha la kuchungulia jumba la Mtoni. Hupata humo mavazi na manukato, farasi na majahazi, na mazungumzo ya masuria wengi katika ua mmoja. Si vibaya kukisoma hivyo. Lakini kitabu hiki, kilichochapwa Berlin kwa Kijerumani mwaka 1886, ni hoja ndefu ya mwanamke wa ukoo wa enzi juu ya ukarimu wa watu wake, na wanaostahili zaidi kuipima hoja hiyo ni wale ambao mababu zao walikaa upande wa kupokea. Tanga na Pangani, bandari za Mrima zilizokuwa chini ya baba yake Sayyid Said, hazikosi haki ya kusema neno.

Maisha ya mwandishi yanajulikana. Alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma Kurani; kuandika hakukuwa fungu lao. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Elimu hiyo ya kuiba ilimtia matatani mapema, kwani mwaka 1859 nduguye Barghash alipotaka kumpindua Sayyid Majid, binti huyu wa miaka kumi na mitano ndiye aliyekuwa karani wa fitina. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Mwaka uliofuata alibatizwa Aden, akaitwa Emily, akaolewa. Mambo haya yamesimuliwa mara nyingi kuliko haja, na aghalabu kila msimulizi huishia kwenye mapenzi. Maandishi yake, ambayo ndiyo urithi aliotuachia, hupata maneno machache.

Kalamu ya Salme huchangamka kila inapofika mahali pa kutoa. Sikukuu inapokaribia, anaeleza jinsi zawadi zilivyokusanywa na kugawiwa kwa watu wa jumba, mkubwa na mdogo, na jinsi baba yake alivyosimamia mgao huo mwenyewe. Mama yake, Jilfidan, anasifiwa kwa kuzuru wagonjwa kuliko kwa uzuri wa uso. Salme mwenyewe, alipopata shamba la Kizimbani, aliona watoto wachanga wa wajakazi wakikosa uangalizi mama zao walipokuwa kazini. Akaamuru wakusanywe, waogeshwe na kulishwa chini ya macho ya mwangalizi. Hizi ni kurasa njema. Hazina majivuno ya kupita kiasi, wala haifai kuzifanyia dhihaka. Mtoto aliyeogeshwa ameogeshwa kweli, na shibe yake si ya kuigiza.

Hata hivyo, msomaji huuliza mama wa mtoto huyo alifikaje Kizimbani. Hapo kitabu kinanyamaza, na unyamavu wake ni wa ajabu kwa sababu mwandishi anajua vema kusimulia kisa cha namna hiyo. Katika kurasa za mwanzo anaeleza jinsi Jilfidan, mzaliwa wa Cherkesi, alivyotekwa akiwa mtoto mdogo: wazazi wakauawa, ndugu watatu wakachukuliwa na kutenganishwa, naye akafika kwa Sayyid Said angali mdogo kiasi cha kung'oka jino lake la kwanza katika nyumba hiyo. Jino hilo ni mojawapo ya mambo yaliyoandikwa vizuri kabisa katika kitabu kizima. Kwa jino moja msomaji anaona mtoto, anaona hasara, anaona muda. Mwandishi aliyeweza kuliona jino la mama yake hakuulizia meno ya watoto wa Uzigua na Usambara waliovushwa bahari kutoka Pangani. Hii si kasoro ya ufundi. Ufundi alikuwa nao. Macho yake ndiyo yaliyokoma mlangoni pa jumba.

Lililokosekana kwake linapatikana katika kitabu kingine, kilichozaliwa ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari karibu wakati ule ule. Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, kilichapwa na misheni ya Magila, huko Bonde, kwa sehemu sehemu kuanzia mwaka 1895, kisha kikatolewa upya mwaka 1962. Abdallah alikuwa mtu wa pwani aliyemtumikia Semboja kule Mazinde kama karani. Naye, basi, hakuwa mnyonge wala mtakatifu. Alikula mezani pa mtawala. Lakini kitabu chake kinaanza na jambo ambalo Salme halifikii kamwe. Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, anaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, anagawa nyama, naye anapewa vyakula, mke, na mwishowe nchi. Nyama hugeuka enzi mbele ya macho ya msomaji, pasipo mtu kuudhika na pasipo mwandishi kuficha. Na wajukuu wa Mbegha wanapogombana baada ya kufa Kimweri, Abdallah anasimulia pia upande wa pili wa mgao: vita, mateka, na watu wanaouzwa pwani. Kiswahili chake ni kikavu, hakina mapambo ya Mtoni, na mara nyingine majina yanajaa hadi kumchosha asiyeijua milima ile. Lakini anayetoa na anayetolewa wamo katika ukurasa mmoja.

Sura ya Salme juu ya utumwa ndiyo ngumu zaidi, nayo haiwezi kurukwa na mtu anayempenda mwandishi huyu. Anautetea. Anasema utumwa wa Mashariki haufai kulinganishwa na ule wa Marekani, kwamba watumwa walitunzwa, na kwamba Waingereza waliharakisha kuwaachia watu wasiokuwa tayari. Yamkini alikuwa akijibu dharau ya majirani zake wa Kijerumani, waliowaona watu wake kuwa makatili wasio dini. Mgeni aliyetengwa huwatetea hata wale aliowakimbia. Udhuru huo unaeleza, lakini hautoshi. Ukarimu wa Kizimbani ndio unaotumika hapa kama shahidi: kwa kuwa tulitoa, hatukudhulumu. Karafuu zilizolipia zawadi za sikukuu zilichumwa na wale wale waliozipokea, na hesabu hiyo haimo katika sura yoyote.

Kuna Salme mwingine, naye ni mwandishi bora. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu na fedha kidogo. Katika barua zake za nchi ya nyumbani, ambazo wasomaji wa Kiingereza walizipata kwa ukamilifu mwaka 1993, anayeandika ni mjane anayehesabu kuni za majira ya baridi na kufundisha lugha ili apate chakula. Humo amejua uzito wa kupokea, na sentensi zake zimekuwa fupi, zenye woga na hasira. Wahakiki huzitaja barua hizi kama nyongeza ya kumbukumbu. Zastahili kutangulizwa.

Mwezi Agosti mwaka 1885 alirudi Unguja kwa meli ya Kijerumani kudai urithi wake. Manowari zilizokuwapo bandarini hazikuja kwa ajili yake. Zilikuja kumlazimisha Sayyid Barghash akubali mikataba ambayo Carl Peters alikuwa ameitia saini bara mwaka uliotangulia, katika Usagara, Ukami, Nguru na Uzigua. Ndugu yake alikubali juu ya nchi, wala hakukubali juu ya dada yake. Watu wa mjini walimfuata barabarani wakimsalimu, naye aliandika salamu hizo kwa furaha ambayo mtu hawezi kuisoma bila kuguswa. Kisha alisafiri kurudi Ujerumani bila ya mashamba, na Uzigua, ambako baadhi ya wachumaji wa karafuu walitoka, ikawa chini ya wenye meli iliyombeba.